Baiskeli mpya haimalizi kazi

(Maneno ya timu yetu ya vijijini mbele ya mkutano wa wanachama na wafadhili, Bukavu)



Leo hatusomi rapoti ndefu. Tutazungumza juu ya kitu kimoja kidogo: rayo. Ni zile nyuzi za chuma zinazotoka katikati ya gurudumu la baiskeli mpaka kwenye janti. Wale waliokaa Nyarugusu, kule Tanzania, wanaita spoku. Ni kitu kile kile.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipogawa baiskeli za milima kwa wanachama wa bonde la Ruzizi, tulifurahi sana. Zilikuwa mpya, zina gia, zinang'aa. Tukapiga picha, tukatuma kwa wafadhili. Miezi mitatu nyuma yake tulirudi Luvungi, tukakuta tano zimeegemezwa ukutani. Mipira mizima, minyororo mizima, lakini magurudumu yamepinda na rayo zinaning'inia. Mama mmoja aliyerudi kutoka Burundi, aliyekopa kwenye mfuko wa chama ili auze mihogo, alituambia: "Mlinipa miguu, lakini imevunjika. Sasa mihogo nabeba tena mgongoni, na deni liko pale pale."

Tukaenda kwa fundi. Akacheka kidogo: "Hii kinga ilitengenezwa kwa mtu mmoja na begi yake. Nyinyi munapakia magunia mawili. Tena tangu itoke kwenye katoni, hakuna mtu amekaza rayo hata siku moja."

Alikuwa na haki. Gurudumu moja lina rayo nyingi, mara nyingi 32 au 36, na zote zinafanya kazi kwa kuvutwa, kama kamba za hema. Rayo iliyokazwa vizuri inatulia. Iliyolegea, kila gurudumu likizunguka inalegea na kuvutwa, inalegea na kuvutwa. Ukichukua waya ukaupinda hivyo kwa mkono mara nyingi, mwisho unakatika. Na rayo inakatika hivyo hivyo, zaidi pale penye kona, karibu na moyo wa gurudumu. Moja ikikatika, jirani zake zinabeba mzigo wake, nazo zinachoka. Nyinyi wa chama hesabu hiyo munaijua.

Sasa tufanye nini?

Kila juma, kabla ya kupakia, geuza baiskeli magurudumu juu. Bana rayo mbili mbili kwa vidole ukizunguka gurudumu lote. Kisha zigonge na kijiti cha chuma: iliyokazwa inalia, iliyolegea inatoa sauti nzito iliyokufa. Anza na gurudumu la nyuma, ndilo linaumia zaidi, kwa sababu mzigo uko juu yake na nguvu ya mnyororo inapita pale.

Zungusha gurudumu, angalia janti inavyopita karibu na frene. Ikiegemea kuume, kaza kidogo rayo za kushoto mahali pale pale. Tumia kle yake, usitumie pense, inakula kanati kadogo ka rayo. Na usikaze kwa hasira: robo ya mzunguko, halafu angalia tena.

Baiskeli mpya ikaguliwe baada ya mizigo ya kwanza, usingoje mpaka ilie.

Rayo ikikatika njiani, ipindishe kwenye jirani yake isiingie kwenye mnyororo, shusha mzigo, sukuma mpaka kwa fundi. Rayo mpya iwe na urefu na unene sawa na ya zamani; ikizidi urefu itatoboa mpira wa ndani. Na zikikatika moja leo, nyingine kesho, nyingine kesho kutwa, jua zote zimechoka. Badilisha zote mara moja, itakutoka pesa kidogo kuliko kurudi kwa fundi kila juma.

Tafadhali, mtu asishuke mlima wa Ngomo na mzigo juu ya gurudumu lenye rayo zilizokatika. Kati ya Nyangezi na Kamanyola barabara haina huruma. Pale mtu anaweza kupoteza zaidi ya gunia.

Kwenu wafadhili, tunasema wazi. Mwaka huu hatuombi baiskeli zingine. Tunaomba magurudumu ya nyuma yenye rayo nene kwa zile zilizopo, kle za kukazia, akiba ya rayo za urefu unaofaa, na malipo ya fundi afundishe wanachama wawili kila kijiji, mmoja wao mwanamke. Havitapendeza kwenye picha, tunajua. Lakini baiskeli iliyoegemea ukutani hailipi deni la mtu.

Na sisi wa timu tunaahidi hivi: tukirudi Luvungi, kamera itabaki kwenye begi kwanza. Tutageuza baiskeli, tutabana rayo, na yule mama ndiye atatuambia kama kazi imefanyika.