Mfamasia wa Nyumbani na Leseni ya Ugenini



Tumeombwa kuzungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwahusu watu wachache wenye shahada. Lakini siku hizi wazazi wengi hutujia na swali lile lile: mtoto wetu amehitimu ufamasia, amesajiliwa hapa nyumbani, na sasa kuna mtu amemwahidi kazi Uingereza, au Kanada, au Marekani, mradi fedha zilipwe kabla ya safari. Je, tuuze shamba? Tume yetu imeona kwamba si haki kuwaacha wazazi hao wajibiwe na mtu yule yule anayezisubiri fedha zao.

Tuanze na neno la msingi. Leseni ya famasia haivuki mpaka. Shahada huvuka, kwa maana ya kwamba hupokelewa na kupimwa; leseni haivuki. Kila nchi ina chombo chake cha usajili, nasi tunacho chetu, yaani Baraza la Famasi lililowekwa na sheria ya mwaka 2011. Mgeni ajaye Tanzania na shahada ya ng'ambo hawezi kufungua dirisha la dawa bila kusajiliwa na Baraza hilo, na hakuna hata mmoja wetu anayeona kwamba ameonewa. Basi tusishangae tukitakiwa kufanya vivyo hivyo kwa wenzetu.

Wapo wanaosema kwamba mitihani hiyo ni njama ya kuwazuia Waafrika. Sisi hatukubaliani nao moja kwa moja. Dawa tunayoiita parasetamo, Mmarekani huijua kwa jina la acetaminophen. Salbutamol ya mgonjwa wa pumu, kule huandikwa albuterol. Adrenaline huitwa epinephrine. Mfamasia aliyezoea kuhudumia wagonjwa wa malaria na watoto wanaoharisha atakutana huko na mzee mmoja mwenye dawa kumi mezani, za moyo, za kisukari, za kuzuia damu isigande, ambazo zikichanganywa vibaya humwua. Sheria za dawa za kulevya zatofautiana, vipimo vyatofautiana, hata namna ya kumweleza mgonjwa. Mgonjwa huyo ana haki ya kulindwa kama alivyo mgonjwa wa zahanati yetu. Kwa hiyo mtihani wenyewe si udhalimu. Udhalimu, pale ulipo, umo katika mambo mengine tutakayoyagusa.

Tuitazame Uingereza kwanza, kwa kuwa ndiko wengi wanakokutaja. Chombo cha huko ni Baraza Kuu la Famasia, lililoanza kazi ya usajili mwaka 2010; nalo lahusika na England, Scotland na Wales, ilhali Ireland ya Kaskazini ina chombo chake. Mfamasia aliyesoma Afrika hupaswa kwanza kusoma kozi ya mpito iitwayo OSPAP, ambayo ni stashahada ya uzamili ya takriban mwaka mmoja, itolewayo na vyuo vikuu vichache tu, kama vile Sunderland na Brighton. Baada ya hapo hufanya mafunzo ya kazini ya majuma 52 chini ya msimamizi. Kisha hufanya mtihani wa usajili, nao haufanywi zaidi ya mara tatu. Kuhusu lugha, anayepima Kiingereza chake kwa mtihani wa IELTS hutakiwa kupata alama 7 katika kila sehemu, yaani kusoma, kuandika, kusikiliza na kusema, yote kwa mkupuo mmoja. Aliyepata 8 katika kusoma na 6.5 katika kuandika hajafaulu, hata kama wastani wake unapendeza.

Hesabuni basi. Ni miaka miwili au zaidi tangu kushuka kwenye ndege hadi siku ya kuitwa mfamasia, na mwaka wa kwanza ni wa kulipa ada, si wa kupokea mshahara. Tena, tangu Januari 2024 wanafunzi wa ng'ambo wanaosoma kozi za namna hii hawaruhusiwi kuwaleta wenzi na watoto wao kama wategemezi. Neno hili tunawasihi wanandoa walijadili mapema, wakiwa bado wanalala chini ya paa moja. Wakala anayesema kwamba mtu atashuka London Jumatatu na kusimama dukani kama mfamasia Jumatano, hasemi kweli.

Marekani kuna kikwazo ambacho wengi hukigundua wakiwa wameshalipa ada. Chama cha bodi za famasia cha huko, NABP, humtaka aliyehitimu tangu tarehe 1 Januari 2003 awe amesoma mtaala wa famasia wa miaka mitano au zaidi. Aliyehitimu Chuo Kikuu cha Nairobi, ambako masomo ni miaka mitano, anakidhi sharti hilo. Aliyehitimu Muhimbili kwa mtaala wa miaka minne hakidhi, na ule mwaka mmoja wa mazoezi kazini, kwa kuwa hufanyika baada ya kuhitimu, haulizibi pengo. Huyo hata akiwa hodari kuliko wote darasani, mlango huu kwake haufunguki kwa shahada hiyo peke yake. Ni heri alijue jambo hili akiwa bado Dar es Salaam.

Anayekidhi sharti hilo hupimiwa vyeti vyake, hufanya mtihani wa wahitimu wa nje na mtihani wa Kiingereza, ndipo apate cheti cha NABP. Na cheti hicho si leseni! Leseni hutolewa na bodi ya jimbo, baada ya saa nyingi za mazoezi chini ya mfamasia mwenye leseni, mtihani wa NAPLEX, na mtihani wa sheria. Mwenye leseni ya Texas hawezi kuhamia Ohio na kuanza kazi kesho yake bila kupitia bodi ya Ohio.

Kanada, vyeti hupimwa na bodi ya taifa ya mitihani ya famasia, PEBC. Mhitimu wa Afrika hufanya mtihani wa tathmini, kisha mtihani wa kufuzu wenye sehemu mbili: moja ya maswali ya kuchagua majibu, nyingine ya vituo, ambako mtahiniwa hukutana na waigizaji waliojifanya wagonjwa, ana kwa ana. Hapo wengi wa kwetu hutatizika, si kwa kukosa elimu ya dawa, bali kwa sababu tumelelewa kumpa mgonjwa dawa na maagizo mafupi, na mgonjwa wetu haulizi. Baada ya hapo kila jimbo lina masharti yake ya mazoezi na ya sheria. Jimbo la Quebec halifuati njia hiyo ya PEBC. Lina chama chake cha wafamasia na kazi hufanyika kwa Kifaransa, jambo ambalo ndugu zetu wa Bukavu au Lubumbashi waweza kulitazama kwa jicho jingine kuliko sisi.

Sasa tuje kwenye haki. Kuna dhuluma mtu anapodaiwa ada hatua baada ya hatua bila kuelezwa mapema jumla yake. Maombi yanapokaa miezi bila jibu. Mfamasia wa miaka kumi anapopanga makopo rafuni kwa sababu hakuna aliyemwonyesha njia. Wapo waliolitambua hilo. Mwaka 2006 jimbo la Ontario lilipitisha sheria inayovitaka vyombo vya usajili wa taaluma viwe na utaratibu ulio wazi, wa haki na usio na upendeleo kwa waliosoma nje. Sheria kama hiyo haimfaulishi mtu mtihani, bali humpa mahali pa kusimama anapouliza kwa nini amekataliwa.

Upande wa pili wa haki ni wetu tunaobaki. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alitetea haki ya mtu kuiacha nchi yake kutafuta maisha bora, na papo hapo akakiri kwamba nchi iliyoachwa hupata hasara. Shirika la Afya Duniani lilipitisha mwaka 2010 kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine, na katika orodha yake ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu hao, Tanzania imo. Uingereza inaifuata orodha hiyo: waajiri na mawakala wake hawapaswi kuja kuwasaka wahudumu wa afya katika nchi zilizotajwa, ila pale serikali mbili zilipopatana. Mtu binafsi anayeomba mwenyewe hazuiwi. Yafuatayo basi yako wazi: wakala anayepita mitaani akiandikisha wafamasia kwa ajili ya hospitali za Uingereza anakwenda kinyume cha kanuni za nchi ile ile anayodai kuiwakilisha. Akifika katika jumuiya yenu, mwulizeni jambo hilo mbele ya watu.

Wala hatuwaambii vijana wabaki kwa kuwatia aibu. Kijana anayekaa miaka bila ajira, au analipwa mshahara wa fundi dawa sanifu ilhali ana shahada, hatuwezi kumhubiria uzalendo tukiwa tumeshiba. Tunamwomba tu akumbuke kwamba deni la Bodi ya Mikopo halifutiki uwanjani Dar es Salaam, na kwamba mdhamini wake amebaki hapa.

Kwa anayeamua kwenda, kazi huanza nyumbani. Asiache usajili wake ukalala. Alipe ada yake ya kila mwaka, kwa maana chombo cha ng'ambo huomba barua ya kuthibitisha mwenendo wake wa kitaaluma, nayo kwa kawaida hutoka kwa Baraza moja kwa moja, si mkononi mwake. Matokeo ya masomo yake nayo hutakiwa yatoke chuoni. Na zaidi ya yote, majina. Wengi wetu tuna jina moja katika cheti cha kuzaliwa, jingine la ubatizo katika vyeti vya shule, na la babu katika pasipoti. Kwetu twaelewana; kwa karani wa Ottawa hao ni watu watatu. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya cheti cha kuzaliwa cha RITA, na tofauti ya majina hurekebishwa kwa hati ya kisheria iliyosajiliwa, kazi ambayo huchukua muda. Wenye shida hiyo wakusanye vyeti vyote pamoja, tangu cha darasa la saba, wavipeleke kwa wakili kabla ya kulipa ada yoyote ya mtihani.