NISHATI NA NGUVU KATIKA UMEME WA MKONDO GEU: NAMNA YA KUZIELEWA NA KUZIPIMA

(Nakala ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mwaka 1980 kisiwa cha Unguja kiliunganishwa na Tanzania Bara kwa waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari hadi Fumba, wenye uwezo wa megawati 45. Thamani ya waya huo ilidhihirika pale ulipoharibika. Kuanzia Mei 2008 kisiwa kilikosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, na kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kikaukosa tena kwa miezi mitatu. Mwaka 2013 ulizinduliwa waya wa pili, wenye uwezo wa megawati 100. Hata hivyo, kila waya, uwe wa baharini au wa ndani ya nyumba, una kikomo chake, na kikomo hicho hutokana na joto la mkondo unaopita ndani yake. Hivyo basi, yafaa kila mtumiaji afahamu ni mkondo upi unaofanya kazi, na ni upi unaojaza waya bila ya faida.

Nishati na nguvu

Maneno haya mawili huchanganywa mara nyingi. Nguvu ni kasi ya kutumia nishati, nayo hupimwa kwa wati. Nishati ni jumla ya kilichotumika, nayo hupimwa kwa kilowati-saa, ambayo ndiyo yuniti anayoinunua mwananchi. Pasi ya wati 1,000 hutumia yuniti moja kwa saa moja. Taa ya wati 10 huhitaji saa 100 kuimaliza yuniti hiyo hiyo.

Mkondo geu

Umeme wa majumbani haupiti upande mmoja tu. Msukumo wake hupanda kutoka sifuri hadi kilele cha volti 325 hivi, hushuka hadi sifuri, kisha hufanya vivyo hivyo kwa upande wa pili, na mzunguko huo hukamilika mara 50 kila sekunde. Zile volti 230 zinazotajwa ni kipimo cha msukumo usiogeuka ambao ungeipasha pasi joto lile lile.

Katika pasi au birika la umeme, mkondo hupanda na kushuka pamoja na msukumo. Hapo volti zikizidishwa kwa ampea, jibu ni wati. Katika mota, kwa mfano ya pampu ya maji au ya kiyoyozi, hali ni nyengine. Mota hujenga sumaku na kuibomoa bila ya kusita, na mkondo wake huchelewa nyuma ya msukumo. Sehemu ya nishati huingia katika sumaku hiyo, kisha hurejea ilikotoka bila ya kufanya kazi yoyote.

Mfano wake ni dau linalovusha abiria. Wako wanaofika ng'ambo wakashuka kwenda kwenye shughuli zao, na wako wanaokwenda na kurudi bila ya kushuka. Hawa wa pili hawana walichokifanya ng'ambo, lakini nafasi wameijaza na dau limelemewa.

Hesabu ya pampu moja

Ichukuliwe pampu ya ofisi inayovuta ampea 10 kwa volti 230. Zao la vipimo hivyo ni volti-ampea 2,300, nao ndio mzigo unaobebwa na waya. Mita ya wati ikiunganishwa, huenda ikaonesha wati 1,610 tu. Wati zikigawiwa kwa volti-ampea hupatikana uwiano wa nguvu, ambao hapa ni 0.7. Katika pasi uwiano huo ni 1.

Fundi akifunga kapasita inayofaa karibu na pampu hiyo, nishati ya sumaku hupokelewa na kapasita hapo hapo, badala ya kurejea njia nzima. Uwiano ukipanda hadi 0.95, pampu hufanya kazi ile ile, lakini mkondo katika waya unaoilisha hushuka hadi ampea 7.4 hivi. Kwa kuwa joto la waya hufuata mraba wa mkondo, upotevu ndani ya waya huo hupungua kwa karibu nusu.

Mita ya nyumbani

Mita ya nishati ya mkondo geu ilibuniwa na Ottó Bláthy, mhandisi wa Hungaria, mwaka 1889. Mita ya aina hiyo ina sahani ya alumini inayozungushwa na koili mbili, moja ya msukumo na moja ya mkondo. Mita za kisasa huhesabu kwa elektroniki. Zote mbili huwahesabu abiria walioshuka tu, yaani wati za kweli.

Mwananchi anaweza kuihakiki mita yake bila ya kuigusa lakiri. Ikiwa imeandikwa kwamba taa yake humetameta mara 1,000 kwa kila yuniti, azime vyombo vyote, kisha awashe kimoja na kuhesabu. Mimeto 10 ikitimia kwa sekunde 36, chombo hicho kinatumia wati 1,000. Muda ukiwa mara mbili, nguvu ni nusu yake.

Tahadhari

Viko vidude vya kuchomekwa ukutani vinavyouzwa kwa ahadi ya kupunguza gharama za umeme. Aghalabu ndani yake mna kapasita ndogo. Kwa kuwa mita ya nyumbani haihesabu nguvu inayokwenda na kurudi, kuiondoa nguvu hiyo hakumpunguzii mwananchi yuniti alizotumia. Asitoe fedha zake kwa ahadi hiyo.

Kapasita ina mahali pake penye mota kubwa: katika visima vya maji, viwanda, hoteli na majengo ya ofisi. Wakuu wa taasisi wanashauriwa kuwataka mafundi wenye ujuzi wapime volti, ampea na wati za mota zao, na kuweka kumbukumbu za vipimo hivyo. Kila ampea isiyo na kazi ikiondolewa, nafasi yake katika waya na transfoma hubaki kwa skuli, hospitali au nyumba nyengine.