Kuijibu Barua ya Askari

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wanafunzi katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kwa niaba ya Halmashauri twaomba ruhusa kueleza kazi moja ya mwaka huu ambayo haikutugharimu ila karatasi na wino, nayo imetufunza kuliko nyingine zote.

Mwanachama wetu mmoja, mzee mwenye mvi, alipokuwa akipanga vyombo vya marehemu baba yake aliona kopo la chai, na ndani yake barua ya mwaka 1944. Baba yake alikuwa askari wa King's African Rifles katika nchi ya Burma, ambayo siku hizi huitwa Myanmar. Kutoka Kenya watu wapatao 98,000 waliingia katika jeshi wakati wa vita ile; wengine kwa hiari, wengine kwa kulazimishwa. Askari wa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walipita bonde la Kabaw katika mvua kubwa za mwaka 1944, matope yakiyashinda magari na chakula kikidondoshwa kwa ndege. Desemba mwaka huo wakauvuka mto Chindwin.

Wachache waliandika habari zao vitabuni, kama Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na ambaye kitabu chake kilitolewa mwaka 1967. Walio wengi walinyamaza.

Barua ile haikutaja mahali, kwa maana barua za askari zilisomwa na wakubwa kabla ya kupelekwa. Ilisema kwamba mvua haikatiki na kwamba miguu inauma. Kisha ikauliza mambo matatu. Je, ng'ombe mwekundu amekwisha zaa? Nani ameezeka nyumba ya mama? Je, fedha zinazokatwa katika mshahara wangu zinawafikia?

Mama yake hakujua kusoma. Karani mmoja wa kijijini alimsomea, akaahidi kuandika jibu siku ya Jumamosi. Jumamosi ikapita, na nyingine nyingi zikapita. Askari akarudi mwaka 1946. Hakuuliza kwa nini hakujibiwa, wala nyumbani hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi na aliona nini. Hivyo akaishi hata uzeeni, akafa.

Wengi wetu katika Halmashauri tu makarani. Tuliposikia habari ya karani yule tuliinamisha vichwa, kwani ni nani kati yetu asiye na Jumamosi yake?

Kwa idhini ya mzee huyo tuliwaomba wanafunzi waijibu barua. Majibu ya kwanza yalikuwa na mwandiko mzuri na sifa nyingi. Karibu yote yalimwita shujaa simba, yakamshukuru, yakatia sahihi. Hakuna hata moja lililomtaja ng'ombe. Tuliyarudisha kwa upole, tukisema: Mtu huyu hakuomba sifa, aliuliza maswali matatu. Someni tena, kisha mwendeeni mzee mkaulize.

Wakaenda. Msichana mmoja akaandika hivi: “Babu, ng'ombe wako alizaa mtamba. Uliporudi ulimwona kwa macho yako, lakini ulistahili kuambiwa ulipokuwa ungali matopeni. Nyumba iliezekwa na wajomba zako.”

Mvulana mmoja akajibu la tatu: “Fedha zilifika miezi mitatu, kisha zikakoma. Mama yako hakujua amwulize nani.” Mzee mwenyewe alikuwa amelisikia jambo hilo kwa bibi yake, lakini hakuwahi kulilinganisha na barua. Basi fahamuni, ndugu zangu, kwamba jibu lile halikuwa salamu tu. Kama lingaliandikwa Jumamosi ile, askari angalijua kwamba jasho lake halifiki nyumbani, naye angaliweza kumwendea mkubwa wake kudai haki. Kwa kukosa karatasi moja, mama aliona njaa na mwana alidhani mama ameshiba.

Majibu hayo mawili yalisomwa mbele ya jamaa. Mzee alisikiliza hata mwisho, akaomba yasomwe tena, kisha akayakunja na kuyatia ndani ya kopo pamoja na barua ya baba yake.

Twawaomba wanachama wenye barua za namna hiyo wasizitupe wala kuzichoma pamoja na takataka za marehemu. Zileteni, nasi tutawapa wanafunzi. Nanyi wanafunzi, kumbukeni kwamba kumjibu mtu ni kwanza kusikia alilouliza.

Mwisho, Halmashauri imeazimia kwamba mwanachama yeyote atakayeletewa barua na mzee asiyejua kusoma, aandike jibu kabla mzee huyo hajaondoka mlangoni.