Kona ya Maua Shuleni Isifyekwe

(Maneno ya kamati ya shule mbele ya mkutano wa wazazi)

Ndugu wazazi,

Tumewaita kwa sababu ya ile kona ya maua iliyo mpakani mwa uwanja wa shule. Wengine wenu mnataka ifyekwe. Mnasema inaleta nyoka, nyuki na kwelea kwelea. Tumewasikia.

Kwanza tutazame boga. Nani hapa hajaona kiboga kidogo kikigeuka manjano na kuanguka? Mara nyingi si uchawi. Boga lina maua dume na maua jike. Ua jike utalijua kwa kiboga kidogo kilicho nyuma yake. Unga wa ua dume, yaani chavua, lazima ufike kwenye ua jike. Unga huo ni mzito tena unanata, upepo hauuwezi. Anayeubeba hasa ni nyuki. Na ua hilo hufunguka alfajiri, likafunga kabla ya adhuhuri. Nyuki asipofika asubuhi ile, basi, boga hakuna.

Sasa maboga yakiisha kuchanua, nyuki atakula nini? Uwanja wetu tumeufagia mpaka umebaki udongo mtupu. Kwenye kona ile kuna mbaazi, mrihani na mshubiri. Hata chozi, yule kindege wa mdomo uliopinda, anakuja kunywa maji matamu ya mshubiri.

Je, nyuki hawatauma watoto? Nyuki aliye kwenye ua ana shughuli zake. Mkali ni yule anayelinda mzinga, na mzinga shuleni hatuweki. Kwelea kwelea yeye hutafuta nafaka na mbegu za nyasi.

Neno la nyoka ni zito. Nyoka hufuata panya, na hupenda kujificha. Kwa hiyo njia itafyekwa kila wiki, magogo hayatarundikwa, na mabaki ya uji yatafukiwa. Mtoto haingii bila mwalimu. (Bundi mnayempiga mawe ndiye mla panya, lakini hilo tuliache kwa leo.)

Karai la maji ya ndege lina kokoto ili nyuki wasizame. Watoto hubadilisha maji kila baada ya siku 2, mbu wasikulie humo.

Tuna ombi moja: mwenye kupiga dawa shambani apige jioni, maua yakiwa yamefunga.

Anayetaka kona ifyekwe aseme sasa tumsikie, ndipo tupige kura.