Mkono Uliolegea Kwanza

Mgonjwa wa kiharusi akishanusurika, ndugu hushukuru Mungu wakadhani yamekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza. Hapa Berchem-Sainte-Agathe, magharibi mwa Brussels, ipo Valida, hospitali ya utengamao. Utengamao ni pamoja na kuvaa shati: mkono uliolegea huingia kwanza, mzima hufuata, kisha vifungo, kimoja kimoja, na kesho tena. Kwa kurudiarudia huko, sehemu za ubongo zilizobaki nzima huweza kujifunza kazi za zile zilizokufa.

Na ulimi? Mkongomani mwenye Kifaransa na Kiswahili, akipatwa na kiharusi, huweza kupotewa zaidi na lugha moja kuliko nyingine. Kwa hiyo jamaa, msiwaachie wataalamu kazi hii peke yao. Mwamkieni mgonjwa wenu kwa Kiswahili, msubiri jibu. Msimmalizie neno.