Kuijua Tamathali ni Kuijua Kazi Yake

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa nizungumze juu ya tamathali za usemi katika nathari, yaani katika riwaya, hadithi fupi, makala na hotuba. Vijana wengi huzijua kwa majina: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, tafsida, kejeli. Huyataja yote kwa pumzi moja. Ninalotaka kusema leo ni kwamba tamathali ni chombo, na chombo hujulikana kwa kazi yake. Anayejua jina la jembe bila kujua kulima hajapata faida ya jembe.

Tuanze na mbili za kawaida. Nikisema, "Mfanyabiashara yule ni kama kupe," nimetumia tashbihi. Neno "kama" linakuachia nafasi ya kuuliza: anafanana na kupe kwa lipi, na kwa lipi hafanani naye? Nikisema, "Mfanyabiashara yule ni kupe," hiyo ni sitiari, na nafasi ile imefungwa.

Sisi wenye mvi tunalikumbuka sana neno hili. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kupe, mnyonyaji na mrija yalikuwa maneno ya kila siku, magazetini na mikutanoni. Hebu litazameni neno "unyonyaji" lenyewe. Limetokana na kunyonya, kitendo cha mtoto kwa mama yake au cha kupe kwa ng'ombe. Ni sitiari iliyotumika mpaka watu wakasahau kuwa ni sitiari. Ilifanya kazi njema, maana mkulima asiyesoma uchumi aliona mara moja kwamba mtu anaweza kunenepa kwa jasho la mwenzake. Lakini ilikuwa na makali upande wa pili. Kupe hajadiliwi wala hapelekwi mahakamani, hung'olewa akapondwa. Kwa hiyo ukimwita jirani yako kupe kwa kuwa ana maduka mawili, umekwisha kutoa hukumu kabla ya kusikia ushahidi. Msomaji asiyeliona hilo atadhani ameshindwa kwa hoja, kumbe ameshindwa kwa mdudu.

Sasa tuje kwenye riwaya. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, Shaaban Robert alibuni nchi inayoelea angani. Karama anashtakiwa mbele ya mfalme kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na mshtaki wake ni waziri aitwaye Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kutafuta mambo ya kuifaa nchi, nao waliporudi wakatupwa gerezani. Mwanafunzi huandika kwamba hapa kuna majazi, kwa kuwa majina yanaeleza tabia, na kuna istiara, kwa kuwa hadithi nzima inasimama badala ya jambo jingine. Ni kweli. Lakini zina kazi gani?

Mwaka ule Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na mwandishi alikuwa karani katika serikali yao. Kwa mtu wa hali ile, kusema wazi kwamba watawala huwafunga wanaoleta fikra mpya kungekuwa kujitia hatarini. Istiara ilimpa pa kusimama. Tena, kwa kuwa Kusadikika haimo katika ramani yoyote, kila serikali inaweza kujiona ndani yake, hata hizi zetu wenyewe tulizozipata baada ya Uhuru.

Linganisheni na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971. Jina lile ni sifa ya Bikira Maria katika litania ya Wakatoliki, lakini msichana mwenye jina hilo anapotea na mwisho anajiua. Majivuno ni jina linaloeleza tabia. Rosa Mistika ni jina linalogongana na maisha ya mwenye jina. Hiyo ni kejeli, na kazi yake ni kutulazimisha tuulize lawama ni ya nani: ya binti, ya baba yake mkali, au ya jamii nzima.

Msidhani mambo haya yanaishia kwenye vitabu vya mtihani. Kiongozi akisimama mkutanoni akauliza, "Nani hapa hapendi maendeleo?" hilo ni swali la balagha. Hakuna atakayenyoosha mkono. Mkinyamaza, mradi umepita, na gharama yake haijatajwa. Mwajiri akitangaza kwamba "anapunguza mzigo," hiyo ni tafsida. Mzigo wenyewe ni watu wenye watoto wa kulisha. Tafsida tuliyofundishwa na wazee, ya kusema "amefariki" mbele ya wafiwa, huwasitiri walioumizwa. Hii nyingine humsitiri aliyeumiza.

Basi vijana, mkikutana na tamathali, fanyeni jambo moja jepesi. Iondoeni, mwandike sentensi ile kwa maneno makavu, kisha mwulize: ni nini kimepotea, na ni nani aliyefaidika kwa kuwapo kwake? Jibu la swali hilo ndiyo insha yenyewe. Jina la tamathali liandikeni, lakini msiishie hapo.

Na ninyi wenzangu, tulipokuwa madarasani humu tulijifunza mambo haya kwa ajili ya cheti. Vyeti vimekwisha kutupa vilivyoweza kutupa. Wanaotusemesha kwa tamathali hawajakoma, na watoto wetu wanawasikia kila siku. Tukae nao, tuwasikilize pamoja.