Marufuku ya Pombe na Wajibu Wetu

(Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Garissa)



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya marufuku ya pombe katika nchi yetu. Huenda mtu akauliza: sisi watu wa Garissa, Wajir na Mandera, ambao wengi wetu ni Waislamu na kileo kwetu ni haramu, habari hii yatuhusu nini? Namwomba anisikilize hadi mwisho.

Katika enzi ya ukoloni, sheria ilimkataza Mwafrika pombe kali za Kizungu, huku Mzungu akinywa atakavyo. Marufuku ile ilitazama rangi ya mtu, wala haikujali madhara ya kileo. Hivyo haikupata heshima mioyoni mwa watu.

Baada ya uhuru, mwaka 1980, ikatungwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa Kenya nzima. Nia ilikuwa njema, kwani nyumba nyingi zilikuwa zimeharibika. Sheria hiyo ilidumu miaka 30. Je, chang'aa ilikwisha? La, haikwisha. Ilihamia vichochoroni na kando ya mito, ikapikwa kwa siri pasipo mkaguzi, na wenye tamaa wakaitia methanoli, sumu ya viwandani impofushayo mtu. Mnamo Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo.

Mwaka 2010 Bunge lilifuta marufuku ile na kuruhusu chang'aa iuzwe kwa leseni, katika chupa za kioo, na kwa watu waliotimiza miaka 18 tu. Hata hivyo, Mei 2014 pombe yenye sumu iliua tena watu wengi huko Embu, Kiambu na kwingineko. Marekani nayo ilipiga marufuku vileo nchi nzima mwaka 1920, ikashindwa na magendo, ikaifuta marufuku hiyo mwaka 1933.

Ndugu zangu, twajua pia habari za Madina. Huko kileo kilikatazwa kwa hatua, na amri ya mwisho ilipofika, watu waliimwaga mvinyo yao njiani kwa mikono yao wenyewe. Mioyo ilikuwa imekwisha tayarishwa.

Hapana shaka sisi tuna bahati ya kuwa na dini na desturi zinazotukinga. Lakini kinga hiyo yaweza kugeuka pazia. Baba mmoja alinijia usiku, baada ya sala ya Isha, akinong'ona kama mwizi. Mwanawe alikuwa akinywa kwa mwaka wa pili, na kwa kuogopa aibu hakumwambia hata ndugu yake wa tumbo moja. Aliponijia, kijana alikuwa amekwisha lazwa hospitali. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Kijana yule yu hai, Alhamdulillahi, lakini miaka miwili ilipotea kwa sababu baba hakuwa na mlango wa kubisha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwanza, Chama kichague wazee watatu na akina mama watatu wanaojua kutunza siri, ambao mzazi aweza kuwaendea bila kuogopa kusemwa barazani. Pili, itengwe sehemu ya mfuko wetu wa msaada kwa nauli na matibabu ya kijana atakaye kuiacha pombe.

Mambo haya hayahitaji kungoja sheria ya Bunge. Yangoja ridhaa yenu leo, kabla ya kufunga mkutano huu.